Udongo wa Nyuma ya Jiko

Kwako Mawe, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekalia beseni, hapa nyuma ya jiko, karibu na miguu yako. Ni lile beseni la bluu lenye ufa ukingoni, ulilokuwa ukichambulia maharage. Nimelipindua nikalifanya kiti. Najua utanicheka kwa kukuandikia Kiswahili, lugha uliyokuwa ukiiita ya ofisini. Ulikuwa ukisema mtu akikuongelesha Kiswahili ndani ya nyumba yako ujue ana shida. Kihaya nakisema vizuri tu, kukiandika ndiko kunakonishinda. Basi nipokee hivyo hivyo. Na ni kweli, nina shida.

Vuli imetutupa, Mawe. Ilianza vizuri, kila mtu akatoka na jembe, kisha ikafunga kama mtu aliyegombana na sisi. Sasa asubuhi mawingu yanapanda kutoka ziwani, yanakaa juu ya Muleba, yanatutazama, halafu yanaondoka. Migomba imekunja majani. Ile ya upande wa barabarani imeanza kuanguka na mikungu yake michanga, na Tata anaikata na kuwapa mbuzi bila kusema neno. Unamjua mume wako. Akinyamaza kwenye mambo ya kibanja, shamba letu hili la migomba, mambo yameharibika.

Lakini sikuja hapa kukulilia migomba. Nimekuja kuhusu mbegu yako ya maharage.

Unaikumbuka, najua. Yale madogo mekundu yenye kijicho cheupe uliyokuja nayo kutoka kwenu Kamachumu ulipoolewa, ndani ya kibuyu, ukawaambia mawifi zako kwamba ya kwao ni makubwa lakini hayana ladha. Hawakukusamehe kwa miaka mingi, ila walikuwa wakija kuomba mbegu kimya kimya. Sisi watoto hatukujua maharage mengine. Nilipoolewa mjini nikanunua ya sokoni Bukoba, nikayapika, mume wangu akala akashukuru, mimi nikaweka kijiko chini. Ulipokuja kunitembelea kwangu, mtaa wa Bakoba, uliyaonja ukasema, "Haya ni ya wagonjwa." Tangu siku hiyo kila basi lililotoka Muleba lilikuwa na kifurushi chako.

Wenye mbegu hiyo wote wamekwisha, au wameacha. Jirani zetu wamehamia maharage ya dukani. Iliyobaki ni ile ya kibuyu chako, na kibuyu sasa ni chepesi.

Nikueleze ilivyokuwa. Ulipoanza kuumwa, nyasi hazikuja tena kibanjani. Tata miguu yake haimpeleki rweya, na hata ingempeleka, lini umemwona mwanaume wa hapa akishuka kutoka kwenye mbuga za nyasi na mzigo kichwani? Mimi nilikuwa mjini na cherehani yangu. Basi ardhi ikakaa wazi, jua likaipiga, mvua ilipokuja ikaiosha. Nilipokuja kukuzika nikakanyaga chini ya migomba nikasikia ugumu kama uwanja wa shule. Zamani mguu ulikuwa unazama.

Nakumbuka ulivyokuwa ukiniamsha kwenda rweya kukata nyasi. Nilikuwa mdogo, nikibeba kamzigo kangu, nyasi zinanikata shingo, ninalia makusudi ili usikie. Wewe ulikuwa mbele, mzigo wako umekufunika hadi mabegani, naona miguu tu inatembea. Nikakuuliza kwa nini tuwabebee migomba chakula kama wafalme. Hukugeuka. Ukasema, "Udongo unakula, bojo. Usipoulisha utakula nini wewe?" Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na njaa. Tukifika ulikuwa unatandaza nyasi shina kwa shina, ukizipapasa kama unamfunika mtoto, kisha unasimama na kushika kiuno na kutazama kibanja chote. Hukuwahi kunitazama mimi hivyo, na nilikuwa na wivu.

Baada ya matanga nilisema nitakaa wiki chache. Mpaka leo niko hapa. Mume wangu anakuja Jumamosi na basi, anakuta nimechafuka, anacheka. Watoto wa jirani wananiita mama wa mjini.

Sasa, kabla ya vuli, nikakutana na bibi shamba wetu pale Muleba. Ni dada mchangamfu, anaendesha pikipiki mwenyewe na viatu vyake vina matope hata wakati wa kiangazi. Nikamweleza kuhusu kibanja na mbegu. Akaniambia kuna bakteria wazuri wanaoishi kwenye udongo na kukaa kwenye mizizi ya maharage. Wanavuta chakula kutoka hewani wanaulisha mmea, na mmea wenye nguvu unatoa mizizi mirefu inayofuata maji chini, kwa hiyo ukame ukija hauanguki haraka. Akasema kuna wengine wanaosaidia hata mahindi. Akasema ardhi iliyochoka na kukaukia juani inawapoteza, lakini siku hizi wanauzwa kwenye pakiti, unawapaka kwenye mbegu. "Siyo mvua lakini," akaniambia. "Wanampa mmea muda. Mvua isipokuja kabisa, wote watakufa, wao na mmea."

Nilielewa. Nikanunua pakiti moja mjini, ndiyo iliyokuwa imebaki. Ndani mna unga mweusi, laini, unanuka kama udongo wa msituni. Ukiona huwezi kuamini kwamba ni viumbe hai.

Asubuhi ya kupanda, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikamimina mbegu kutoka kwenye kibuyu chako, karibu zote, nikabakiza kidogo chini. Nikazilowesha kwa maji yenye sukari ili unga ushike, nikazipaka mpaka zikawa nyeusi zote. Nikaziweka kivulini ndani ya beseni hili, nikafunika kwa jani la mgomba, kama nilivyoelekezwa, maana zinatakiwa zipandwe siku hiyo hiyo na jua lisiziguse. Kisha nikaenda kuwaita akina mama wa jumuiya waje wanisaidie kupanda.

Niliporudi nao beseni lilikuwa tupu na safi. Tata alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, mikono yake ina majivu hadi kwenye viwiko, na uso wake una furaha ambayo sijaiona tangu uondoke.

"Mwanangu, nimekuokoa," akasema. "Ulikuwa umeziacha mbegu za mama yako zilowe. Zilikuwa zimeota ukungu mweusi, zote. Nimeziosha."

Nikaingia jikoni. Amezitandaza kwenye kichanja juu ya mafiga, moto unafuka chini, na amezipaka majivu vizuri, kila punje, kama ulivyokuwa ukifanya wewe kila msimu ili wadudu wasizile. Hakuna mwanaume aliyewahi kugusa kile kichanja, Mawe. Alikuwa amepanda juu ya kigoda. Alikukumbuka ulivyokuwa ukifanya, akafanya vile vile, hatua kwa hatua. Maji, moshi, moto na majivu. Huwezi kupanga njia nzuri zaidi ya kuwaua wale bakteria.

Mdomo wangu unaujua. Wewe ndiye uliyenipa jina Kemilembe ukitumaini nitakuwa mtu wa amani, na ukajuta. Lakini siku ile ungenishangaa. Wale mama wamesimama nyuma yangu na majembe. Tata ananitazama akingoja ahsante. Nikamwambia, "Kasinge, Tata." Mmoja wa wale mama akatoka nje akidai anakohoa.

Tukapanda hivyo hivyo, kwa sababu mvua ilikuwa imekuja na hakuna ajuaye nyingine lini. Jirani zako walipofika hapa ulipolala wakakwepa. Tata akasema hapana, akachukua konzi moja akapanda mwenyewe kukuzunguka, kwa kidole, akiwa amepiga magoti. Tulimwacha.

Yaliota yote. Kwa siku chache kibanja kilikuwa kizuri, nikasahau habari ya pakiti. Kisha mvua ikafunga. Majani yakaanza kuwa ya njano kutoka chini, halafu yakasinyaa mchana, halafu hata asubuhi yakawa hayainuki. Nilikuwa napita nikiyagusa. Nilibeba maji kutoka kisimani, ndoo kwa ndoo, nikiyamwaga yanaingia kwenye nyufa kama hayakuwahi kuwepo. Mwisho nikaacha. Kuna siku niliyafungia mlango nikakaa ndani na kushona nguo za watu.

Ya kwako hayakufa.

Niliyaona niliporudi kumwaga majivu. Yamekuzunguka, ya kijani, yamechanua. Hayakuwa marefu, lakini yamesimama. Nikampigia simu bibi shamba akaja na pikipiki yake. Alichomoa mche mmoja wa pembeni, akauliza kwanza kama anaruhusiwa, nikasema ndiyo kabla Tata hajafika. Kwenye mizizi kulikuwa na vipele vingi, vidogo vya mviringo. Akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama. Akasema huo wekundu ndio kazi yenyewe, hao ndio bakteria, wazima wa afya. Akaenda kwenye maharage yaliyokauka akachomoa mengi. Mizizi mitupu.

"Hapa nyuma ya jiko palikuwa na nini?" akaniuliza.

Nikaanza kucheka, Mawe, nikacheka mpaka nikakaa chini. Kwa sababu nilivijua vile vipele. Wewe ulikuwa unaviogopa. Ukienda kung'oa maharage mabichi ya kupika, ulikuwa unatazama mizizi, ukiona vipele unasonya na kusema, "Yana ugonjwa haya." Ulikuwa ukikata mizizi yote kwa kisu na kunipa nikaitupe mbali, nyuma ya jiko, ili ugonjwa usienee kibanjani. Miaka yote ile. Nilikuwa natupa hapa, pamoja na maganda ya ndizi na majivu na samadi ya mbuzi, na wewe mwenyewe ulikuwa ukifunika kwa nyasi ili pasinuke. Ulikusanya wagonjwa wako wote mahali pamoja ukawalisha vizuri. Kisha ulipokaribia kuondoka ukasema tukuzike nyuma ya jiko ili usikie watu wakila.

Na ukakataa saruji. Jirani wamewajengea wazazi wao makaburi ya vigae, yanang'aa mpaka kuku wanateleza, nasi tulitaka kukujengea. Ukasema, "Mkinifunika kwa saruji nitapumuaje?" Tulicheka, hata nesi aliyekuwa akikuhudumia alicheka. Basi ukabaki chini ya udongo na nyasi, na udongo wako ndio pekee uliobaki hai katika kibanja chote.

Mume anawaosha wabaya kumbe ni wazuri, mke anawatupa wazuri akidhani ni wabaya. Ninyi wawili mlistahiliana.

Sasa ndiyo shida yangu. Pakiti hazipo. Nimeuliza Muleba, nimeuliza Bukoba, wanasema labda msimu ujao. Mbegu iliyobaki ndani ya kibuyu inajaa viganja viwili hivi, na hiyo ndiyo mbegu yote ya Kamachumu iliyobaki duniani, kwa ninavyojua mimi. Bibi shamba anasema ipo njia. Zamani, kabla ya pakiti, watu walichukua udongo kutoka mahali maharage yalipostawi na kuumimina kwenye mashimo ya kupandia mahali yalipogoma. Bakteria wanahama na udongo. Tabaka la juu tu, kama kina cha kiganja. Lichukuliwe kwenye kivuli, lisikauke, lipandwe siku hiyo hiyo. Hakuniahidi kitu. Aliposema "tabaka la juu" aliinamisha kichwa, kwa sababu anajua alikuwa amesimama wapi.

Kwetu udongo wa kaburi haushikwi. Hakuna jembe linalopita hapo, hakuna mtu anayeuhamisha. Wewe ndiye uliyenifundisha, ulinichapa nilipochezea udongo wa kaburi la bibi. Nilimweleza Tata jioni, taratibu, nikazunguka sana. Nilimweleza pia kuhusu ule unga mweusi, kwa sababu ilibidi aelewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama mikono yake.

"Kumbe niliwaua mimi," akasema.

"Hukujua, Tata."

"Na sasa unataka kumfunua mama yako."

"Juu juu tu, waitu. Kama kiganja."

Akasema, "Mimi sitoi ruhusa ya kitu kisicho changu. Muulize mwenyewe." Akaenda kulala bila kula.

Ndiyo maana nimekaa hapa juu ya beseni na karatasi gotini.

Ungeweza kuniuliza kwa nini nisingoje haya machache yanayokuzunguka yazae. Mawe, maua yameanza kuanguka. Leo asubuhi nimeyakuta chini, meupe. Hata hapa maji yanakwisha. Nimeingiza kidole chini ya nyasi zako, bado kuna ubaridi, lakini siyo ule wa wiki iliyopita. Udongo wako ukikauka, na hao walioko ndani watakufa, basi nitakuwa nimengojea kitu ambacho hakipo tena. Nikiuchukua leo, mvua haipo, utakaukia kwenye beseni na mbegu itakwama ardhini bila kuota au itasinyaa kama zile za kwanza. Nikiuchukua leo na mvua ikaja kesho, nitakuwa nimepona. Kila nikigeuka kuna ukuta. Sijawahi kushindwa hivi. Nguo ikiharibika naifumua na kuanza tena. Hapa hakuna cha kufumua.

Ninakasirika pia, nikwambie ukweli. Nakasirikia mawingu. Nakasirikia ile pakiti iliyokuwa moja. Siwezi kumkasirikia Tata, nimejaribu, namwona juu ya kile kigoda anapaka majivu punje kwa punje na ninashindwa. Wakati mwingine nakukasirikia wewe, kwa kuondoka na kuacha kila kitu kikitegemea uwepo wako. Naongea peke yangu siku hizi. Napika maharage ya dukani, tunakula, na Tata anasema ni mazuri, na ninajua anadanganya.

Asubuhi ya leo nilipanda rweya. Peke yangu, na mundu wako. Hakukuwa na nyasi nyingi, zimekauka, zinakata vibaya kuliko zamani. Nikafunga mzigo nikashuka nao kichwani, watoto wa jirani wakanitazama, hakuna aliyesema mama wa mjini. Mzigo uko hapa kando yangu. Ni mdogo, ungeucheka. Lakini unatosha kukufunika wewe.

Sasa hivi kuna wingu, limetokea ziwani, upande wa kisiwa cha Bumbire, limekuwa jeusi chini. Jana lilikuwepo hivyo hivyo likaondoka. Tata amesimama mlangoni mwa jiko anatazama juu, haniangalii mimi. Ameshika kibuyu.

Nimekuuliza kwa sauti, Mawe. Nilipokuwa mtoto, nikinyoosha mkono kwenye kitu kisichoguswa, ulikuwa unaniita jina langu lote, popote ulipo, hata ukiwa kwenye migomba ya mwisho, na mkono wangu ulikuwa unarudi wenyewe. Basi niite. Nimenyamaza hapa nimesikiliza. Nimesikia kuku, nimesikia pikipiki barabarani, na Tata akihema. Wewe hujaniita. Sijui kama hiyo ndiyo ruhusa, au ni kwamba siku hizi husikii.

Naanzia miguuni. Natumia mikono, jembe nimeliacha ndani. Nitachukua kidogo kuliko ninavyohitaji, na nikimaliza nitakufunika kwa nyasi, nitazipapasa vizuri ulivyokuwa ukifanya, usilale wazi usiku.

Nimeinuka. Nimeligeuza beseni.

Mwanao wa mwisho, yule wa mdomo,
Kemilembe